Baba hatahiniwi

Mgeni akiingia kwetu Ngamiani, hapa Tanga, hata kiti hajakikalia vizuri, swali la kwanza kwa Baba ni lile lile: "Mzee, wanijua mimi nani?" Baba anatabasamu. Mgeni anang'ang'ana: "Hebu nitazame vizuri. Nitaje jina." Baba anamgeukia dada yangu, dada anatazama chini, na hapo ziara imeshaharibika. Mgeni atakaa nusu saa nyingine akizungumza nasi habari za Baba, Baba mwenyewe akiwa papo hapo, kisha ataaga na kusema kwa huruma, "Masikini, hajui mtu tena."

Sisemi wana nia mbaya. Ndivyo tulivyozoea. Mtoto mdogo tunamwonyesha shangazi yake na kumuuliza "huyu nani?", rafiki wa zamani tukikutana naye sokoni tunamshika mkono na kumwambia "umeshanisahau wewe!" Ni utani wa mapenzi. Lakini kwa mtu mwenye ugonjwa wa kusahau, utani huo ni mtihani wa mdomo unaoanza upya kila mlango ukifunguliwa, na matokeo yake yanasomwa mbele ya watu. Mpwa wangu mmoja wa kidato cha pili alimuuliza, "Babu, mimi nani?" Baba akamjibu taratibu, "Kama wewe mwenyewe hujijui, mimi nitakujulia wapi?" Tulicheka wote, Baba akatushinda kwa kicheko. Ila si kila siku anapata jibu la kujiokoa.

Baba alikuwa mtu wa reli. Aliajiriwa miaka ya 1960, enzi reli ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilipokuwa moja, akapelekwa Nairobi kusomea kazi, akarudi kuwa stesheni masta kwenye njia ya kutoka Tanga kwenda Moshi na Arusha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 alikuwa Makanya. Akajikuta mtumishi wa shirika jipya, stesheni ile ile, kofia ile ile. Sisi watoto tumezaliwa kando ya reli: dada Mombo, kaka Same, mimi Korogwe. Alistaafu miaka ya 1990, treni za abiria za njia ile nazo zikiwa zinaelekea kusimama, akajenga Tanga mjini.

Kusahau kulianza kwa mambo ya kuchekesha. Funguo ndani ya friji. Swali moja mara tatu kabla kikombe cha chai hakijaisha. Kisha akapotea akitoka msikiti anaoswali kila siku, na hapo hatukucheka tena. Majirani walisema ni uzee, wengine wakasema amechezewa. Hospitali walimpima sukari, homoni za tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU, maana yapo magonjwa yanayoleta kusahau na yanatibika, na ni vizuri kuyaondoa kwanza kwenye hesabu. Vyote vilikuwa sawa. Ndipo daktari alipotaja Alzheimer, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema ndiyo inayosababisha asilimia 60 hadi 70 ya dimenshia yote, yaani hali hii ya kupoteza kumbukumbu na fahamu. Dawa alizoandikiwa zilisaidia kidogo, kwa muda.

Daktari yule alituchorea kichwa cha mtu nyuma ya bahasha. Hapa ndani, usawa wa sikio, alisema, ndipo ubongo unaposhughulikia mambo mapya, na ndipo ugonjwa unapoanzia. Ya zamani yamehifadhiwa kwingine, yatachelewa kuondoka. Na yale ambayo mikono imeyazoea, kutawadha, kufunga kamba za viatu, kushika kalamu, yako kwingine tena na huchelewa zaidi. Bahasha ile dada anayo mpaka leo. Mimi ilinitosha kujua nianzie wapi nikifika.

Naishi Dar es Salaam. Nikipanda basi la asubuhi pale kituo cha Magufuli, kwa Chalinze na Segera, nafika nyumbani alasiri, na alasiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Jua likianza kushuka Baba anaanza kuhangaika: anasimama, anakaa, anafungua mlango, anataka kwenda kwao. Madaktari wanaijua hali hiyo, wanasema wagonjwa wengi huchafuka jioni. Kwa hiyo siku ya kufika nasalimia tu na kumsaidia dada kuwasha taa mapema, kabla vivuli havijaingia ukumbini. Kioo kikubwa cha sebuleni tumekifunika kanga, kwa sababu kuna mzee mgeni alikuwa akimtazama Baba kutoka mle ndani bila kumsalimia. Mazungumzo yenyewe yanasubiri kesho yake, baada ya chai, kuanzia saa mbili hadi saa tano hivi. Nani anayekuja saa kumi na moja jioni na watoto sita na redio ya gari inaunguruma nje, halafu anashangaa kwamba mzee amekasirika?

Naingia kwa mbele, nisimshtue. Nazima televisheni. Navuta kigoda nikae chini yake kidogo, anione bila kuinua shingo. "Shikamoo Baba." "Marahaba, hujambo mwanangu?" Jibu linatoka hapo hapo, safi, sauti ile ile ya miaka yote. Simuulizi huyo mwanangu ni yupi. Najitaja mwenyewe: "Ni mimi kitindamimba wako, nimetoka Dar." Kisha tunaendelea: za nyumbani, za watoto, za kazi, za safari, mvua huko vipi. Watu wa bara hulalamika kwamba salamu za Tanga hazina mwisho. Kwa Baba urefu ule ni neema tupu. Kila swali lina jibu lake lililokaa tayari mdomoni, na kwa dakika tano nzima anazungumza na mtu bila kujikwaa. Nikiona anafurahia, naanza tena upya na hakuna anayenistaajabia.

Mambo mawili ya mwili lazima niyataje, maana watu wengi hawayafikirii. La kwanza ni masikio. Ilifika mahali Baba akawa hajibu kabisa, tukaamini ugonjwa umepiga hatua. Muuguzi mmoja kijana akamchungulia sikioni, akatoa nta ya kutosha kuziba tundu la funguo, na Baba akarudi kwenye mazungumzo siku ile ile. La pili ni mabadiliko ya ghafla. Ugonjwa huu unakwenda polepole, miezi na miaka. Mtu akibadilika ndani ya siku mbili, akaanza kuona watu ukutani, akalala mchana kutwa, hiyo ni kitu kingine. Baba ilipomtokea, tayari kulikuwa na mazungumzo ya kumwita mganga. Kipimo cha mkojo kikaonyesha UTI. Akapata antibaotiki, na baada ya siku chache wale watu wa ukutani wakaondoka.

Sasa niseme juu ya kauntabuku.

Lile neno lake la alasiri lilikuwa "nachelewa zamu." Kaka alikuwa akimwambia, "Baba, ulishastaafu." Ni kweli, alistaafu, lakini ukweli huo haukumtuliza hata siku moja. Ulimtia hofu, maana alijiona mtu aliyeacha stesheni bila mwangalizi na treni iko njiani. Na ukitaka kuielewa hofu hiyo, lazima uijue kazi yenyewe. Njia ile ni reli moja tu. Treni inayopanda na inayoshuka haziwezi kupishana ila kwenye stesheni yenye njia ya pili. Stesheni masta haruhusu treni kuondoka mpaka apige simu stesheni ya mbele na kuambiwa njia iko wazi. Akikosea, watu wanakufa. Baba alibeba jambo hilo kichwani miaka thelathini, usiku na mchana, na kichwa kilipoanza kupoteza mambo mengine, hilo lilibaki limesimama peke yake.

Nilinunua kauntabuku ya kwaya mbili, rula na kalamu ya wino wa buluu. Sikumwambia kitu. Nilivifungua mezani mbele yake, nikasema, "Treni kutoka Tanga imepita Mkomazi." Alinitazama. Akavuta kiti. Akashika rula, akapiga mistari mitano kutoka juu hadi chini, imenyooka, mkono hautetemeki, halafu akaandika vichwa vya safu kwa herufi kubwa za mwandiko wa zamani: NAMBA, KUTOKA, IMEFIKA, IMEONDOKA, SAINI. Akatazama saa ya ukutani. "Buiko wamesema nini?" Nikasema, "Imepita Buiko." Akaandika. "Hedaru?" "Hedaru iko njiani." Tuliendelea hivyo mpaka adhana ya magharibi. Hakutaja kwao wala zamu. Zamu alikuwa nayo.

Kaka alikuja akaona, akataka naye kusaidia. Akatangaza kwa sauti, "Treni imetoka Same inakwenda Hedaru!" Baba akaweka kalamu chini. "Na mimi Makanya nimekwenda wapi?" Mtu huyu asubuhi ile alishindwa kutaja mwezi tuliomo.

Kwa hiyo nikawaambia ndugu wote: mtafutieni mtu wenu kazi yake. Kama mama yenu alikuwa akishona, mpeni kitambaa na vifungo. Kama aliuza sokoni, mpeni nyanya azipange mafungu. Baba hakuwahi kuingia jikoni maisha yake yote, na sasa anachambua choroko vizuri kuliko sisi, tena anazipanga mistari. Usikae kumkagua. Shika nawe kitu mkononi, fanya pembeni yake. Maneno yakija yaje, yasipokuja kazi inaendelea, na wala hakuna ukimya wa kuogofya.

Sala pia iko hivyo. Shehe wa msikitini alishatuambia kwamba mtu aliyeondokewa na akili kalamu imeinuliwa juu yake, hana deni. Lakini Baba mwenyewe akisikia adhana anainuka. Peke yake anapotea katikati ya rakaa. Akisimama na kaka bega kwa bega, mwili unafuata, na Alhamdu anaisoma mpaka mwisho.

Kuna swali moja gumu ambalo mpaka leo hatujakubaliana. "Mama yenu yuko wapi?" Mama alifariki zamani. Siku za mwanzo mjomba mmoja alimjibu kwa nia njema kabisa: "Shemeji, yule ni marehemu, umesahau?" Baba alilia kama mtu aliyepewa habari wakati ule ule. Alitaka kujua amezikwa wapi, na kwa nini hakuitwa mazikoni. Kesho yake akauliza tena. Mimi naona hakuna mwanadamu anayestahili kufiwa na mke kila siku. Nikiulizwa namrudisha kwake yeye: "Umemkumbuka leo, Baba? Hebu nieleze alivyokuwa akipika samaki wa kupaka." Anaeleza, na mara nyingi swali linaishia hapo. Dada hataki hivyo. Anasema hawezi kumzungusha baba yake. Yeye anajibu, "Mama hayupo, Baba," anamshika mkono, ananyamaza. Si uongo, wala si tangazo la msiba. Dada ndiye anayelala naye nyumba moja, na yeye ndiye anayeamka saa nane za usiku, kwa hiyo katika hili neno lake ni zito kuliko langu.

Picha nazo zina namna yake. Ukimwekea albamu na kumuuliza "huyu nani?", umerudi kwenye mtihani. Mimi nasema mwenyewe: "Hapa uko Mombo, umevaa ile kofia, pembeni ni yule fundi wa njia aliyependa ugoro." Nikiacha nafasi, anaongeza lake. Wakati mwingine analoongeza silijui mimi, na sina wa kumuuliza kama ni kweli, basi nalipokea. Muziki hauhitaji hata maneno hayo. Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star kwa upande wa taarabu, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwa upande wa dansi, na Baba alikuwa kijana wakati huo. Nikiweka nyimbo zao kwenye simu, sauti ya chini, kidole cha shahada kinaanza kugonga mkono wa kiti. Kuna siku aliimba beti mbili nzima. Siku nyingine alisema tu, "Punguza kelele."

Watu huniuliza, unasafiri kilomita zote hizo na ukishaondoka hakumbuki kama ulikuja, faida yake nini? Dada ndiye aliyenijibia kabla sijasoma popote. Alisema siku nikiondoka Baba anakula vizuri, anaoga bila ugomvi, ingawa ukimuuliza nani alikuwa hapa anasema hakuna mtu. Baadaye nikakuta kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha mwaka 2014 matokeo yanayofanana na hayo. Waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu, vya huzuni na vya furaha. Muda mfupi baadaye wagonjwa hawakukumbuka filamu, lakini huzuni au furaha ile ilikuwa bado imo ndani yao. Na hilo lina upande wake mchungu. Mgeni aliyemtahini Baba akaondoka, Baba hamkumbuki. Ila sisi tunabaki na mzee mwenye kinyongo asichojua kimetoka wapi.

Desemba 2019 treni ya abiria ilirudi kati ya Dar es Salaam na Moshi, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Haiingii Tanga mjini, lakini Korogwe inapita. Kaka akapata wazo kubwa: tumpeleke Baba akaione. Tukakodi gari. Njiani alikuwa na furaha, alisoma vibao vyote vya barabarani kwa sauti. Stesheni kulikuwa na watu, mizigo, wauza mayai, vumbi, na treni ikachelewa. Baba akashika mkono wangu akasema anataka kwenda nyumbani. Ilipofika hakuitazama. Tulipokuwa tumekwishageuza gari akauliza, "Ile ilikuwa na mabehewa mangapi?" Hakuna kati yetu aliyehesabu. Safari kama hizo huwa tunazifanya kwa ajili yetu sisi, tupate picha na cha kusimulia. Treni aliyoitaka Baba ilikuwa mezani kwake, kwenye kauntabuku.

Na simu za video, mwenye baba wa namna hii ajihadhari nazo. Baba huigeuza simu kutafuta nimejificha wapi. Siku hizi nampigia ya kawaida, dakika mbili tatu, salamu zote, dua, basi.

Kuna jambo wageni wengi hawalioni: ndani ya nyumba ile kuna watu wawili wa kutembelewa. Dada aliacha duka lake la vitambaa. Mtu akija na kilo mbili za sukari na kutoa ushauri wa majani ya mti fulani, dada anashukuru, anaosha vikombe, siku inaendelea. Mimi nikifika namwambia kanipe funguo na usingizi wako. Nalala chumba cha Baba mimi, yeye anakwenda kwa shoga yake Pangani au anajifungia alale mpaka adhuhuri. Mara ya kwanza hakwenda popote, alikaa barazani akitega sikio. Sasa amezoea, na akirudi ananisaili mimi: amekula nini, ameamka mara ngapi, ametaja nani.

Mwaka huu Baba anazungumza kidogo sana. Kauntabuku bado anaifungua, ila safu zimebaki mistari na alama, na saini ile nzuri imekuwa mkunjo mmoja. Kiswahili chenyewe kinampungukia. Tuligundua kwa bahati: mzee mmoja wa Bumbuli anayeuza matunda sokoni alipita baada ya swala ya Ijumaa, akamsalimia kwa Kisambaa. Baba, ambaye wiki hiyo nzima alikuwa akijibu kwa kichwa tu, akafunguka. Walizungumza mpaka embe alizoleta zikaisha. Daktari anasema lugha ya kwanza mara nyingi huwa ya mwisho kuondoka, na Baba amezaliwa Vuga, alijifunza Kiswahili shuleni. Sisi wanawe tulikulia kwenye kota za reli, tukicheza na watoto wa Kipare, Kichaga na Kinyamwezi, Kiswahili kutwa. Kisambaa tunaelewa matusi na majina ya mboga.

Basi najifunza. Shangazi yuko Vuga, nampigia usiku akimaliza kula. Hatufuati kitabu. Nilimwomba aanze na yale ambayo Baba atahitaji kuyasema au kuyasikia: nina kiu, hapa panauma, nataka kulala, nipo hapa, usiogope. Nikiyapata namtumia dada kwa sauti, naye anayaandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye mlango wa friji, ili hata msichana wa kazi ayajue. Shangazi ni mkali wa matamshi kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunifundisha, ananirudisha neno moja mpaka salio linakatika. Baba hajanisahihisha hata kidogo. Wiki ijayo tunaingia kwenye vyakula.